Ngitili na Nyasi za Mbugani: Historia ya Uoto wa Udongo wa Mfinyanzi katika Bariadi, Simiyu

Kalemela na maeneo ya Bariadi, mkoani Simiyu, yamo katika Usukuma, ambako wakulima waliainisha ardhi kwa udongo wake kabla ya wapimaji wa kikoloni kufika. Udongo wa kichanga waliuita luseni. Ule mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni, mbuga. Na ule wenye chokaa, ibushi. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha Amani, alieleza kitaalamu jinsi udongo unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni.

Udongo wa mbuga huvimba masika na kupasuka kiangazi, hivyo miti mingi haustahimili isipokuwa migunga michache. Nyasi ndizo zinazotawala. Kwa kuwa mifugo ilitegemea nyasi hizo wakati wa ukame, Wasukuma walitenga ngitili: eneo lililofungwa majira ya mvua na kufunguliwa kiangazi, malisho ya kwingine yalipokwisha.

Utawala wa Waingereza uliutazama uoto kwa jicho jingine. Vichaka vilihesabiwa kuwa makazi ya mbung'o, vikafyekwa kwa wingi, huku kilimo cha pamba kikipanuka. Baada ya uhuru, operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ilizitenga kaya nyingi na ngitili zao; maeneo yasiyo na msimamizi yakalishwa mwaka mzima.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI). Awali ulisisitiza vitalu vya miche, kisha ukageukia ngitili. Hekta 600 hivi za katikati ya miaka ya 1980 ziliongezeka na kuzidi 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Bariadi ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, kwani Simiyu iliundwa mwaka 2012. Takwimu hizo ni sehemu ya historia yake pia.

Ongezeko hilo halikutokana hasa na upandaji. Mizizi na mbegu zilikuwamo ardhini. Kilichokosekana ni mamlaka ya kufunga eneo, ambayo kaya, vijiji na mabaraza ya dagashida yaliirejesha. Kwa hiyo, kuiita ngitili zao la mradi ni kuwanyima wenyeji haki ya maarifa yao. Historia ya nyasi hizi haitenganishwi na swali la nani mwenye haki ya kuifunga ardhi na kuifungua.