Nyimbo bora za Siti: mkusanyo upi una haki?

Wadau, kila mkusanyo wa "nyimbo bora" za taarab naupima kwa swali moja: umewataja wote? Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay kurekodi na kampuni ya HMV. Hakwenda peke yake. Kundi lake lilikuwa na akina Subeti Ambar, Budda Swedi na Mbaruk Talsam. Upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika 3 tu, na wimbo wa taarab ukumbini hupita hapo. Kwa hiyo tunachokiita "bora" ni kile kilichoenea kwenye santuri. Mkusanyo wenye sura ya Siti jaladani, bila jina la mpiga udi wala mwaka, unatuuzia muziki na kutunyima historia. Bora nyimbo chache zenye majina. Mnasemaje?