Kilwa: Mji wa Miti au wa Mawe?

Mwaka 1331 msafiri mmoja wa Tanja, Morocco, alishuka Kilwa. Simulizi lake linautaja mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri mno, uliojengwa kwa ustadi. Sifa hiyo hunukuliwa kila mahali. Kinachoachwa nyuma ni kwamba papo hapo alisema mji wote ni wa miti. Nasi Kilwa Kisiwani tunaijua kwa magofu ya mawe. Aliuona mji upi?

Nilianza na maandishi. Simulizi lile lilikamilishwa karibu mwaka 1355, msafiri akisimulia na mwandishi akiandika. Zaidi ya miaka 20 ilikuwa imepita, na katika muda huo bandari moja huweza kuchanganyika na nyingine. Je, ni haki kumwamini kwenye sifa na kumkatalia kwenye miti?

Nikageukia tarikh ya Kilwa, yaani historia ya kale ya mji huo. Ipo nakala ya Kiarabu, na ipo ya Kireno iliyochapwa mwaka 1552. Zote zinamtaja mwana wa Shirazi aliyekinunua kisiwa kwa nguo. Nilipofika kisiwani nilimuuliza mzee mmoja, "Nguo yenyewe ilipita wapi?" Akajibu, "Ilizunguka kisiwa kizima, mwanangu." Sikupata zaidi ya hapo, na njia ile ikafungika. Ila nakala ya Kiarabu inakiri kwamba wageni walimkuta Mwislamu kisiwani, na msikiti. Udongo nao unaonyesha watu waliishi hapa karne kadhaa kabla ya nasaba ya mwana huyo wa Shirazi kushika nguvu. Sasa mjenzi wa kwanza ni nani?

Jibu nililitafuta katika Msikiti Mkuu. Mashua huvuka kutoka Kilwa Masoko kwa muda mfupi, na magofu hayako mbali na ufuo. Watu wengi hukimbilia kusini, penye kuba na matao. Mimi nilikaa kaskazini, kwenye ukumbi wa kale, kazi ya karne ya 11 na 12. Kuta ni za matumbawe na chokaa. Paa lilikuwa bapa, limebebwa na nguzo za mbao zilizokwisha kuoza. Upande wa kusini uliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, ukaanguka, ukajengwa upya karne ya 15. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kuba tunazozipiga picha leo msafiri yule hakuziona kamwe. Basi kwa nini tunamfanya shahidi wa kuba hizo?

Husuni Kubwa imenipa taabu zaidi. Jumba lile la juu ya jabali lina vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane, nalo ni la zama za msafiri yule. Simulizi linausifu ukarimu wa sultani, lakini jumba lenyewe halilielezi. Hata hivyo wachimbuzi wameonyesha kuwa wakazi wengi waliishi katika nyumba za miti na udongo. Ukiingia mji wa namna hiyo kutoka pwani, utasema umeona nini?

Nasimama upande wa msafiri. Mji wa fito na makuti ulikuwepo kweli, na ndio uliokuwa na watu wengi; biashara ya dhahabu ya bandari ya Sofala ilijenga mawe katikati yake. Sifa ya Kilwa ni ya haki, na ni ya miji yote miwili, wa miti na wa mawe. Ukienda, chukua kibali Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, kisha uanzie ukumbi wa kaskazini.