Paka Asiyekamata Panya Tena

Dani huwa hapigi simu, anaflash tu halafu wewe unampigia. Ile Jumanne alipiga mwenyewe, kwa kredo yake. "Nyakwara, Pusi hali tena."

Nilikuwa kwa matatu, Thika Road, na kwa sekunde kadhaa sikuelewa Pusi ni nani. Nilidhani anaelekea kwa mambo ya mbolea. Halafu nikakumbuka.

Pusi aliingia boma letu la Suna mwanzoni mwa 2008, fujo za baada ya uchaguzi zilipoanza kupoa na mimi nikaanza darasa la kwanza. Alikuja ndani ya kikapu, mkubwa kidogo kuliko kiganja, kwa kazi moja tu: panya walikuwa wanatoboa magunia ya mahindi. Miaka 16 baadaye nilimkuta nyuma ya jiko, juu ya leso kuukuu, mgongo umechongoka kama ukingo wa jembe. Meno ya mbele hayapo. Anakunywa maji kila saa na bado anakonda.

Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni na chai yake. "Si mpeleke tu msituni? Paka hashiki panya, ni wa nini? Hii mambo ya kuuguza paka ni ya wazungu. Na nyinyi watu wa Nairobi."

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku hiyo, na hapa ndipo nilipofika.

Nianze kwa kumkubalia kitu kimoja: paka ni mkataba wa nafaka. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani duniani wametoka kwa paka-mwitu wa Mashariki ya Kati, kule ambako ngano na shayiri zilianza kulimwa. Watu waliweka akiba, panya wakaja kwa akiba, paka wakafuata panya. Hakuna aliyewafunga kamba. Ndugu wa hao paka-mwitu, wa spishi ileile, bado wako kwa nyika zetu hapa Kenya, rangi ya vumbi, miguu mirefu, na ukimwona usiku utadhani ni wa jirani.

Lakini mkataba huo ulianza kuvuja mapema sana. Kisiwani Saiprasi, mahali panapoitwa Shillourokambos, wachimbaji walikuta kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita. Ndani kuna mtu, na karibu naye, kwa shimo lake mwenyewe, paka wa miezi kama minane. Saiprasi haikuwa na paka-mwitu wake wa asili. Kwa hivyo kuna mtu alimpandisha paka kwa chombo akavuka naye bahari. Na aliyezika alijisumbua kumchimbia shimo.

Huku kwetu historia imeandikwa kwa ng'ombe. Ukitoka Migori mjini kuelekea kaskazini-magharibi utafika Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, ambazo UNESCO iliziingiza kwa orodha ya urithi wa dunia 2018. Zinadhaniwa kujengwa karne ya 16, kulinda watu na mifugo. Nani angejenga ukuta wa paka? Mtama na wimbi vilikaa kwa dero, panya walikuwepo, na kama kulikuwa na mnyama wa kuwawinda, hakuacha ukuta. Ukitafuta paka mzee kwa historia ya Afrika, inabidi uende mbali kidogo, mahali ambapo mtu alizika na mchanga ukatunza.

Mahali hapo ni Berenike, bandari ya zamani ya Misri kwenye Bahari ya Shamu. Kile kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza kiitwacho Periplus kinaitaja Berenike, halafu kinashuka bandari moja moja hadi Rhapta, soko la mwisho la pwani ya Azania, yaani pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Siwezi kusema paka wa Dani alipitia huko. Nasema tu kwamba ni bahari yetu.

Nje ya ukuta wa mji, chini ya jaa la takataka la enzi za Waroma, wachimbaji walianza kukutana na mifupa ya wanyama wadogo. Marta Osypińska, mwanaakiolojia wa wanyama kutoka Poland, akaendelea kuchimba. Ripoti ya 2021 inataja wanyama 585, zaidi ya tisa kwa kila kumi ni paka, waliozikwa katika karne ya kwanza na ya pili. Hawakukaushwa kuwa maiti za hekalu. Hiyo ni tofauti muhimu, kwa sababu Misri inajulikana kwa mamilioni ya paka waliokaushwa, na picha za eksirei zimeonyesha kwamba wengi wao walikuwa wachanga, shingo zimevunjwa: walifugwa ili wauawe na kuuzwa kama sadaka. Wale wa Berenike walilazwa kama waliolala, wengine wamefunikwa kwa kitambaa au kigae cha chungu, wengine wana ukosi wa chuma au shanga shingoni.

Kilichonikamata mimi ni meno. Kati ya wanyama wale kuna wazee ambao meno yalikuwa karibu kwisha, na wengine ambao hawangeweza kutembea vizuri. Wasingeishi bila mtu kuwalisha, pengine kwa chakula laini. Sasa fikiria Berenike ilikuwa jangwa. Nafaka ililetwa kwa ngamia kutoka mto Nile, safari ya siku 12. Kila tonge lilikuwa na nauli yake. Na bado kuna mtu, baharia au mchuuzi au mama fulani ambaye jina lake hatulijui, alikaa chini akalainisha chakula kwa ajili ya mnyama asiye na kazi tena.

Herodoto, Mgiriki aliyeandika katika karne ya tano kabla ya Kristo, anasema Wamisri wa nyumba ambamo paka amekufa kwa kifo cha kawaida walinyoa nyusi. Akifa mbwa, walinyoa mwili wote na kichwa. Wanafunzi hucheka wakisoma hapo. Mjaluo anayejua liedo, kunyolewa baada ya mazishi, hatacheka sana.

Basi, ya wazungu imetoka wapi? Hapa baba mdogo ana kesi. Chama cha kwanza cha kutetea wanyama nchini, ambacho leo ni KSPCA, kilianzishwa Nairobi 1910 na wanawake wa kizungu waliokerwa na mateso ya maksai waliokokota mizigo hadi stesheni ya reli. Miaka minne baadaye vita vikaanza, na serikali ileile ikachukua wanaume kwa maelfu kubeba mizigo kwa vichwa vyao. Huko ndiko lilikotoka jina la Kariakoo. Mtu ambaye babu yake alibebeshwa sanduku la risasi akisikia habari za huruma kwa maksai, atainua nyusi, si kuzinyoa. Na madaktari wa mifugo wa kikoloni walikuja kwa ajili ya ng'ombe: sotoka, karantini, ngozi, maziwa. Paka wa wenye shamba alitibiwa. Wa kwetu alikuwa kifaa, kama mtego.

Ndiyo maana daktari wa mifugo aliyekuja na bodaboda kutuona alifungua mkoba wenye kila kitu cha ng'ombe. Hakutudharau, hapana. Alimpapasa Pusi pole pole, akavuta ngozi ya shingo, ikakawia kurudi. "Figo," akasema. "Na uzee." Akatuambia maji yawe karibu, chakula kiwe laini na vuguvugu ili kinukie. Kisha akauliza kama tumempa dawa yoyote, na Dani akasema alikuwa amepanga kumvunjia nusu Panadol. Daktari akashika kichwa. Shika hii hata ukisahau mengine yote: ini la paka haliwezi kuvunja parasetamoli, na kidonge kimoja kinaweza kumuua, tena kwa mateso.

Akatutajia pia sindano ya kumlaza. Dani akauliza kama ni ile wanayopiga ng'ombe aliyevunjika mguu. Akakataa. Mimi nilitaka akubali, nikanyamaza kwa heshima, na mpaka leo sina hakika kama ile ilikuwa heshima au woga.

Kwa siku tisa tulichemsha omena, tukatoa miiba, Dani akaisaga kwa kidole gumba mpaka ikawa uji. Alilamba kidogo, siku nyingine hakulamba. Siku ya saba alijikokota hadi chini ya kitanda, pembeni kabisa, maana paka akiugua hujificha. Dani akatandika leso kukohuko chini na kumwachia bakuli. Nilirudi kwa simu yangu, Nairobi walikuwa wanabishana kuhusu mswada wa kaunti wa kulipisha kila paka leseni ya shilingi 200 kwa mwaka. Nilimsomea Dani. Akasema, "Wa kwangu wamlipe pensheni."

Alikufa alfajiri ya Alhamisi. Baba mdogo ndiye aliyechimba, bila kuombwa, karibu na pale dero la zamani lilipokuwa. Alichimba hadi magotini, nikamwambia inatosha, akasema mbwa watafukua, akaendelea. Juu akaweka jiwe.

Usiku ule tulisikia miguu midogo darini, ikikimbia kutoka upande wa jikoni hadi juu ya magunia. Dani akapunguza taa.

"Wameshajua," akasema.