Tembe Lilipokuwa Mlinzi

Ugogo, katikati ya Tanzania, ni nchi ya ng'ombe, mbuzi na fisi, lakini haikuzaa mbwa mkubwa wa kulinda mifugo kama Kangal wa nyanda za Anatolia, Uturuki. Wapo wanaosema mfugaji wa hapa hakumthamini mbwa, alimwachia jalala ajitafutie. Maelezo hayo hayaitazami nyumba. Tembe la Mgogo lilikuwa safu za vyumba vya miti na udongo zilizozunguka ua, paa bapa likifunikwa udongo, na mifugo ikilala humo ndani. Fisi aliyetamani mbuzi alilazimika kwanza kupita kwa watu. Mchana vijana walikuwa machungani na mikuki yao. Mbwa alibakiwa na kazi moja, kubweka ili wenyewe waamke, na kwa kubweka kijibwa chembamba chatosha. Tena hula kidogo, na hilo si dogo kwa watu walioonja Mtunya, njaa iliyowaangamiza Wagogo wengi mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya majeshi kuwanyang'anya nafaka na ng'ombe.

Mpango huo ulivunjika. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, matembe yakazidi kuachwa, watoto wakaenda shule, na mbuzi wakabaki kwenye zizi la miiba mbali kidogo na mlango. Hapo ndipo hoja ya mbwa mkubwa inapopata nguvu. Nchini Namibia mbwa wa Anatolia wamekuwa wakigawiwa wafugaji tangu 1994, na wengi wao wamesema hasara imepungua sana. Hata kusini mwa uwanda huu, mradi wa kulinda wanyama wala nyama karibu na Hifadhi ya Ruaha umewajaribu kwa wafugaji wa Kibarabaig. Basi kwa nini tusiwalete huku Ugogo, Bahi na Chamwino? Kwa sababu dume lililokomaa hupita kilo 50 na sahani yake inalingana na mwili huo, huku mbung'o na kupe wa huku wakiwa hawana huruma kwa mbwa mgeni. Sababu ya pili ina uzito zaidi: ukubwa ni nusu tu ya siri yake. Mbwa huyu haswagi mifugo wala hapendi kukimbiza. Ni mtulivu, hukaa katikati ya kundi, hatari ikija husimama mbele yake na kunguruma. Tabia hiyo ina asili katika damu, sikatai, lakini hukamilishwa na malezi, na Wanavajo wa Marekani wameipata kwa mbwa chotara wasio na ukoo wowote.

Kwa hiyo mbwa koko wetu hajashindwa mtihani; hajapewa. Kitoto chake kikiachishwa ziwa kilale zizini, kile humo humo, kizoee harufu ya mbuzi kuliko ya jikoni, na kikithubutu kukimbiza mtoto wa mbuzi kikaripiwe papo hapo. Chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa ya minyoo visikosekane. Uji wa mtama nao uwe wake, si makombo.