Farasi, Mbung'o na Mgongo wa Mama

Wanafunzi wangu wanaposikia kwamba ziko nchi ambako mtoto mwenye utindio wa ubongo hupandishwa farasi kama sehemu ya tiba, kwanza hucheka, kisha husema hayo ni mambo ya wenye nacho. Nakubaliana nao nusu. Nusu iliyobaki ni historia, na historia hiyo inapita Tanga.

Tuanze na tiba yenyewe. Mwaka 1944 Lis Hartel, mpanda farasi wa Denmark, aliugua polio akapooza kuanzia magotini kwenda chini. Mwaka 1952, katika Olimpiki ya Helsinki, alitwaa medali ya fedha akishindana na wanaume, ingawa alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka. Tiba hii ikaenea Ulaya, na Uingereza ikaunda chama chake cha kitaifa mwaka 1969. Hapana uchawi ndani yake. Farasi anapotembea, mgongo wake huzitikisa nyonga za aliyempanda karibu sawa na zinavyotikisika za mtu anayetembea kwa miguu yake, na misuli ya kiwiliwili hulazimika kutafuta mizani kwa kila hatua. Ulemavu hauponi, lakini mtoto huweza kujifunza kuketi wima.

Kwa nini basi farasi ni mgeni katika mwambao wetu? Si kwamba hakujulikana. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, alisimulia katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 jinsi watoto wa kasri la Unguja walivyofundishwa kupanda wanyama. Lakini nje ya kasri, hasa huku bara, alitawala mbung'o. Ugonjwa wa nagana anaoueneza humuua farasi upesi kuliko punda.

Mwaka 1916 Jenerali Smuts alipowasukuma Wajerumani kufuata bonde la Pangani hadi Handeni, farasi wa jeshi lake walikufa kwa maelfu. Mizigo haikuachwa njiani. Ilihamia vichwani na mabegani mwa wapagazi, nao wakafa kwa maelfu kwa njaa, malaria na kuhara. Hapo ndipo ninapoiona kanuni ya historia yetu: mnyama anaposhindwa, binadamu hubeba.

Kanuni hiyo haijafutwa. Katika vijiji vya Muheza, Pangani na Mkinga, mtoto asiyeweza kutembea hufika kliniki akiwa mgongoni mwa mama yake. Akiwa na miaka mitatu, yawezekana. Akifika kumi, mgongo wa mama hauwezi tena, na mtoto hubaki ndani.

Atakayesema kwamba kikwazo ni mbung'o, na aitazame Tanga yenyewe. Kati ya mwaka 1994 na 1997, kituo cha utafiti wa mbung'o cha mjini Tanga kilizalisha mbung'o madume waliohasiwa kwa mionzi, na zaidi ya milioni 8 kati yao waliachiliwa kwa ndege juu ya Unguja. Mbung'o wa mwisho wa kisiwani alinaswa mwaka 1996. Kazi hiyo ilifanywa kwa msaada wa mashirika ya kimataifa, na lengo lake lilikuwa ng'ombe. Sina ugomvi na ng'ombe wala na maziwa yake. Nasema tu kwamba dola ilipoamua kuwa jambo lina thamani, ilipata wataalamu, ndege na fedha.

Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 26 ya mkataba huo inataka huduma za utengemao zianze mapema na zipatikane karibu na watu wanapoishi, vijijini pia.

Sidai kila wilaya inunue farasi. Punda wapo Handeni na Kilindi, bahari ya kumzoeza mtoto kuelea ipo kuanzia Pangani hadi Mkinga, na mafundi wa kuchonga viti vya kumkalisha mtoto wima hawakosekani. Anayekosekana ni mtaalamu wa viungo anayekifikia kijiji, na fedha za kumfikisha huko. Wewe mtumishi wa umma unayesoma haya, fungua bajeti ya halmashauri yako utafute neno utengemao. Ukilikosa, uliza kikaoni ni nani atakayembeba mtoto wa miaka kumi.