Bao la Kete na Hesabu za Watoto wa Pwani

Bao la kete limechezwa Zanzibar, Lamu na kwingineko pwani kwa vizazi vingi. Wakubwa walikaa na ubao wa mti barazani. Watoto walifukua vishimo mchangani na kuokota komwe, mbegu ngumu za mkomwe, ziwe kete zao.

Bao lina safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, anazoziingiza moja moja katika hatua iitwayo kunamua. Mtoto hakuanzia hapo. Alianza na bao la kujifunza, ambamo kete zote hupangwa mbili mbili tangu mwanzo.

Uzuri mkubwa wa bao kihesabu ni kutabiri kete ya mwisho itaangukia wapi. Kila upande una mashimo 16, hivyo kete 16 zikigawiwa moja moja kila shimo huzunguka na kuishia kwenye shimo zilimotoka, na kete 19 huishia pale ambapo 3 zingeishia. Hiyo ni hesabu ya baki, ngumu kwa wanafunzi wengi, lakini mchezaji mdogo huifanya kichwani, papo hapo, huku mpinzani akimsubiri. Mwaka 1973 Claudia Zaslavsky, mwalimu wa hisabati wa Marekani, aliijadili michezo ya aina hii katika kitabu chake Africa Counts.