Ukimya wa mashahidi (pwani ya Kilifi)

Ukimya wa mashahidi ni hali ya mtu aliyeona au kushuku dhuluma, hasa dhidi ya mtoto, kusita kuingilia kati au kutoa taarifa. Kuanzia Watamu hadi Malindi, suala hili huhusishwa zaidi na unyanyasaji wa watoto kingono katika maeneo ya utalii. Utafiti wa UNICEF na serikali ya Kenya wa mwaka 2006 ulikadiria kuwa wasichana 10,000 hadi 15,000 walitumikishwa katika ngono ya malipo Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani. Wateja hawakuwa watalii tu, bali Wakenya pia.

Riziki ni sababu nzito: mhudumu wa hoteli au mwendesha bodaboda anayemripoti mteja huhofia kupoteza kazi. Mshukiwa akiwa jamaa, wazee huweza kuimaliza kesi nyumbani kwa maslaha: familia hulipwa fidia, na mtoto, ambaye hakuulizwa, hukosa haki. Sheria nayo iliwahi kuwatia watu hofu. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 kilimpa mtoa madai ya uongo adhabu ileile ya kosa alilodai, hadi kilipofutwa mwaka 2012. Taarifa kuhusu watoto hupokewa bila malipo kupitia nambari 116 ya Childline Kenya.